Unguja na Pemba kwa pikipiki, peke yako: namna ya kupanga safari ya siku saba

Kila msimu wa kusi ukikaribia, vijana hunijia na maswali yale yale. Pikipiki inapandishwaje melini? Siku ngapi zinatosha? Pemba nitalala wapi na simjui mtu? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wako wewe mwenye pikipiki ya kawaida, ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 100 mpaka 150, unayeiendesha vizuri mjini lakini hujawahi kutoka nayo peke yako siku kadhaa mfululizo.

Jambo moja lishike tokea mwanzo. Visiwa vyetu ni vidogo, na udogo huo ndio unaowaponza watu. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, Pemba haifiki 70. Mtu akiziona namba hizo husema, "Ah, asubuhi moja tu," basi haangalii tairi, habebi tyubu, wala hatazami saa. Huku safari utaipima kwa saa ya meli na saa ya magharibi, kwa sababu hivyo viwili havimngoji mtu. Kila utakachopanga, kipange kwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Karatasi: leseni yako ya udereva yenye daraja la pikipiki, kadi ya pikipiki, bima ambayo haijaisha, leseni ya barabara ya chombo, na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi (au cha taifa ikiwa umetoka Bara). Ikiwa pikipiki ni ya kaka yako, chukua barua fupi yenye sahihi yake na nakala ya kitambulisho chake. Zipige picha zote, uzihifadhi kwenye simu, na mwachie mtu wa nyumbani nakala.

Vifaa: tyubu ya mbele na ya nyuma, vyuma viwili vya kutolea tairi, pampu ya mkono, viraka na gundi, spana inayoingia kwenye nati ya ekseli yako, plagi na spana yake, waya wa klachi, kiungo kimoja cha cheni, bulbu ya taa ya mbele, mkanda wa umeme, tochi ya kuvaa kichwani, na chupa ndogo ya oili. Hapo umemaliza. Chombo usichojua kukitumia kiache nyumbani, ni uzito wa bure.

Mavazi: helmeti inayokaza kichwa na yenye mkanda mzima, koti la mikono mirefu, suruali nzito, viatu vya kufunika vifundo, glavu, koti la mvua. Weka na kanzu au shuka safi juu kabisa ya begi. Utasimama vijijini, utaingia misikitini, utakaribishwa majumbani. Usiingie kwa watu na kaptula ya safarini.

Pesa: gawanya mafungu mawili, moja mfukoni na jingine ndani kabisa ya begi. Pesa za simu zinasaidia, lakini wakala wa kijijini anaweza kuwa amefunga au ameishiwa. Weka pembeni fedha ya kulala siku mbili zaidi ya ulizopanga. Sababu yake utaiona kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Masika, Machi mpaka Mei, usitoke. Njia za udongo hugeuka tope, na lami yenye majani mabichi huteleza kama sabuni. Vuli ina mvua za vipande vipande kati ya Oktoba na Disemba, unaweza kwenda ukiwa na subira. Miezi mizuri ni Julai mpaka Septemba, hewa ikiwa ya ubaridi, au Januari na Februari ukiliweza joto la kaskazi. Ujue tu kwamba kusi ina upepo mkali upande wa mashariki: kipande cha Kiwengwa mpaka Chwaka, na kile cha Paje, utasukumwa kutoka ubavuni. Punguza mwendo, legeza mabega, usiubane usukani.

Mwezi wa Ramadhani mchana hutapata chai wala chakula njiani, na saa moja kabla ya futari kila mtu yuko mbioni kurudi nyumbani. Mimi sisafiri mwezi huo, na sikushauri uanze safari yako ya kwanza ndani yake.

Hatua ya 2: Ijue pikipiki yako inakula kiasi gani

Swali la "mafuta lita ngapi?" hakuna atakayekujibia ila pikipiki yako. Jaza tangi mpaka shingoni, andika namba ya kilomita, endesha mizunguko yako ya kawaida mpaka zifike 100, kisha jaza tena pale pale. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Pikipiki ya sisi 125 iliyotunzwa huenda kilomita 40 mpaka 50 kwa lita, ila ukifunga mzigo na kupanda vilima vya Pemba itashuka. Gawa 100 kwa lita zako upate kilomita kwa lita, upunguze robo, na hesabu hiyo ndiyo uipangie safari.

Mafuta ya Pemba huja kwa meli. Bahari ikichafuka, sheli nazo huyumba. Ukiwa Chake Chake au Wete jaza, hata kama tangi lina nusu. Ya chupani pembeni ya njia nunua ukibanwa tu, na kabla hujayamimina yatazame juani: yakiwa na tabaka mbili, chini kuna maji.

Hatua ya 3: Kwa fundi, wiki nzima kabla

Kosa la kawaida ni kupeleka pikipiki kwa fundi jana yake. Sehemu mpya inahitaji siku za kujaribiwa; ikiwa imefungwa vibaya, acha ikufie Darajani, mjini, na si msituni Ngezi kule Pemba. Mwambie fundi abadilishe oili, akaze cheni, apime breki zote mbili, aangalie bearingi za magurudumu na spoki, na akague nyaya za taa. Tairi lililolika katikati libadilishe. Najua bei inauma, lakini libadilishe.

Waya mpya wa klachi upitishe sambamba na ule wa zamani, uufunge kwa mkanda bila kuuunganisha. Wa zamani ukikatika, kazi ni kubadilisha ncha tu, dakika kumi umeondoka.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: fundi akiwa amekaa anakutazama, toa gurudumu la nyuma wewe mwenyewe, badilisha tyubu, rudisha. Tumia vifaa vile vile utakavyobeba. Ukishindwa mbele ya fundi, rudia mpaka uweze.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo safari inapotengenezeka au kuharibika, kwa hiyo kaa na karatasi na kalamu.

Andika kwanza siku na saa ya meli ya kwenda Pemba na ya kurudi, kama ulivyoambiwa ofisini kwao na si kama ulivyosikia kijiweni. Halafu andika magharibi. Kwetu jua huzama baada ya saa 12 jioni na kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na giza linashuka mara moja. Kanuni yangu ni kuwa nimeshafika ninapolala saa 11. Nusu saa ya mwisho ya mwanga ndiyo mbaya kuliko zote: ng'ombe wanarudishwa, baiskeli hazina taa, gari za ng'ombe hazionekani mpaka uzifikie.

Mpangilio huu nimeutumia zaidi ya mara moja:

Siku ya 1, Mjini mpaka Nungwi kupitia Mahonda. Ni kama kilomita 60, na ni makusudi iwe fupi, ili mzigo uliofungwa vibaya ujionyeshe mapema.

Siku ya 2, rudi kusini mpaka Kinyasini, kata kushoto kwenda Kiwengwa, fuata pwani Pongwe, Uroa, Chwaka. Hapa angalia sana. Kwenye ramani Michamvi na Chwaka zinatazamana, utadhani unavuka tu. Katikati pana ghuba, na kwa pikipiki hakuna njia. Lazima uingie ndani mpaka Dunga, upumzike karibu na magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, uulize njia ya kushukia Tunguu, kisha upite msitu wa Jozani mpaka Paje au Jambiani. Hii ndiyo siku ndefu ya Unguja. Toka saa 1 asubuhi.

Siku ya 3, Makunduchi, Kizimkazi, kisha mjini. Pale Kizimkazi Dimbani pana msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wengi wetu tumezaliwa hapa na hatujawahi kuyaona.

Siku ya 4, meli mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, kisha Chake Chake. Ukishuka umechoka, usiende mbali. Chake ni kama kilomita 30.

Siku ya 5, Wete, Konde, msitu wa Ngezi, Ras Kigomasha kwenye mnara wa taa, na kurudi Wete kulala.

Siku ya 6 iache tupu. Ikiwa mambo yamekwenda sawa, nenda Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba, au Kidike ukawaone popo wa Pemba, kisha lala Chake au Mkoani.

Siku ya 7, meli ya kurudi.

Mwaka wangu wa kwanza sikuiacha siku tupu. Nilipanga nitoke Ras Kigomasha asubuhi, nipande meli Mkoani mchana wa siku ile ile. Nilipokaribia Konde, tairi la nyuma likachomwa na msumari. Tyubu nilikuwa nayo, lakini spana niliyobeba ilikuwa ndogo kwa nati ya ekseli. Nilisukuma juani karibu saa nzima mpaka kwa fundi wa baiskeli, naye akanitafutia spana kwa jirani yake. Nilipofika Mkoani meli ilikuwa imeshang'oa, na mfukoni sina pesa ya kulala. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza machungwa pale nje alinichukua kwake, nikala, nikalala, wala hakukubali shilingi yangu niliporudi mwaka uliofuata. Ndiyo maana nakusisitizia: usiku wa kuamkia meli, lala karibu na bandari.

Hatua ya 5: Funga mzigo

Kilo 15 zinakutosha. Vizito viweke chini na karibu na kiti, vyepesi juu. Funga kwa kamba za mpira mbili zilizopishana, kisha juu yake kamba ya kawaida, kwa sababu mpira hulegea ukipigwa jua. Tikisa begi kwa nguvu: likicheza peke yake pikipiki ikiwa imetulia, fungua uanze upya. Hakikisha halifuniki taa ya nyuma wala indiketa, na halifiki kwenye ekzosi. Nguo zitie kwenye mfuko wa turubai ndani ya begi. Baada ya kilomita 10 za kwanza simama, kaza tena.

Hatua ya 6: Kuvusha pikipiki

Boti za abiria za mwendo kasi si za kutegemea kwa pikipiki. Unatafuta meli kubwa yenye mlango wa magari. Siku mbili tatu kabla nenda ofisi ya tiketi na pikipiki yako, uulize mambo matatu: safari hiyo inapakia vyombo vya moto? Nauli ya chombo ni kiasi gani mbali na yangu? Mlango unafungwa saa ngapi? Saa ya kufunga mlango si saa ya kuondoka, na wanaoachwa bandarini wengi wamechanganya hizo mbili.

Fika saa mbili kabla. Tangi libakishe robo, kitakachokutosha kufika Chake na ziada. Funga koki ya mafuta. Ndani, egesha pale utakapoonyeshwa, tia gia ya kwanza, geuza usukani kushoto, ufunge. Usiridhike na stendi peke yake: pitisha kamba mbili kwenye fremu, moja kila upande, ukaze kwenye pete za sakafu ya meli. Usifunge kwenye kioo wala indiketa. Simama mpaka uone gari za jirani zimeshapangwa, ndipo upande juu na helmeti yako na begi.

Mkondo wa Nungwi hutikisa hata meli kubwa, kula kidogo kabla. Tazama maboya yalipo. Na ikiwa unaona kwa macho yako meli imejaa kupita kiasi, rudi nyumbani na pikipiki yako. Hatujasahau usiku wa Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba na ndugu zetu. Tiketi iliyopotea itanunuliwa nyingine.

Ukishuka Mkoani tafuta maji baridi, suuza pikipiki, hasa cheni na chini ya injini, kisha paka cheni oili. Chumvi haikawii.

Hatua ya 7: Barabarani

Mwendo wa 50 mpaka 60 unatosha popote visiwani. Matuta mengi hayana alama. Ukiona nyumba tatu zimefuatana au skuli, yahesabu yapo. Jozani punguza kabisa, kima punju wanavuka bila kutazama, kwa sababu si kila mahali wanaweza kupita juu kutoka mti hadi mti.

Unguja ni tambarare, Pemba ni kupanda na kushuka na kona zinazojificha nyuma ya migomba. Kwenye mteremko shuka gia, uiache injini ikuzuie, breki iguse tu; ukiishikilia muda mrefu hupata moto na kulegea. Kona usiyoiona mwisho wake, piga honi na ukae kushoto. Ndani ya Ngezi kuna kivuli na unyevu, nenda kama unatembea.

Msimu wa karafuu, ambao kwa kawaida huanza Julai, utakuta majamvi yameanikwa pembeni ya njia. Hizo ni ada za skuli na mabati ya nyumba ya watu. Usizikanyage, usiegeshe karibu ukazirushia vumbi. Vilevile angalia juu: mchumaji akiwa mtini, chini kuna watoto wanaookota, na wanaingia njiani ghafla.

Pumzika kila baada ya saa moja, hata kama hujachoka. Kunywa dafu, nyoosha mgongo, gusa tairi na mzigo kwa mkono. Trafiki akikusimamisha, zima injini, vua helmeti, toa salamu, toa karatasi. Ukiwa nazo zote, mara nyingi mazungumzo ni mafupi.

Hatua ya 8: Kulala, na kujulikana ulipo

Chake, Wete na Mkoani zina nyumba za wageni. Ukitaka kulala kijijini, fika mapema na uulize nyumba ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Piga hodi, shikamoo, jieleze: jina, ulikotoka, unakokwenda, unalala usiku mmoja. Sheha akishakujua, kijiji kizima kinakujua, na pikipiki yako ina walinzi. Mgeni anayejificha ndiye anayetiliwa shaka.

Chagua mtu mmoja nyumbani. Mpigie mara mbili kila siku, unapotoka na unapofika. Mkubaliane kwamba ukipita saa 1 usiku hujapiga, aanze kutafuta kwa kupitia mji uliosema unalala. Bila ya makubaliano hayo, kukaa kimya kwako kutachukuliwa kuwa betri imeisha. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Kabla hujaondoka zikariri na spitali zilipo: Mnazi Mmoja mjini, Kivunge kaskazini, Makunduchi kusini, Pemba ipo Abdalla Mzee pale Mkoani, na nyingine Chake Chake na Wete.

Mambo yakiharibika

*Haiwaki asubuhi.* Kabla hujagusa spana angalia swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani na koki ya mafuta, kwa sababu baada ya meli wengi husahau waliifunga. Ikiwa mvua ilinyesha, chomoa kofia ya plagi, ipanguse ndani, iache ikauke, rudisha. Ikikataa, weka plagi mpya.

*Inawaka, inakwenda dakika chache, inazima.* Fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, tobo lake la kupumulia limeziba. Lisafishe kwa waya mwembamba. Ikiwa ulitia mafuta ya chupani, fungua skrubu ya chini ya kabureta, mwaga kilichomo, funga, uwashe tena.

*Pancha.* Toka nje kabisa ya lami kwanza. Weka tyubu mpya, ile mbovu itazibwa baadaye. Kabla ya kuiweka, pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute kilichochoma. Asiyefanya hivyo hupata pancha ya pili baada ya kilomita mbili. Pia fundi wa baiskeli anaweza kukuzibia tyubu, na karibu kila kijiji anaye.

*Cheni inaruka au inalia.* Ibonyeze katikati kwa kidole. Inatakiwa icheze sentimita 2 mpaka 3. Ikizidi, legeza ekseli, vuta skrubu za pande zote mbili kwa mizunguko sawa, kaza. Pande zikipishana, gurudumu litakaa upande na tairi litaliwa.

*Umeanguka.* Zima injini, funga mafuta, kaa chini dakika tano hata kama unajiona mzima. Ikiwa umegonga kichwa, usiendelee siku hiyo. Omba gari ya shamba ikupeleke spitali, pikipiki uiache kwa sheha. Helmeti iliyopata pigo hilo usiivae tena safari nyingine.

*Giza limekukuta njiani.* Usijaribu kuzimaliza kilomita zilizobaki. Ingia kijiji cha kwanza chenye msikiti, subiri watu watoke sala ya magharibi, uwasalimie, uulize nyumba ya sheha.

*Meli imeahirishwa.* Rudi ulikolala, mpigie mtu wako wa nyumbani, na tumia zile fedha za siku mbili. Kila asubuhi nenda mwenyewe bandarini kuuliza, tiketi yako ukiwa nayo mkononi.